UKIKUTANA NA KIBOKO MOMBA, USIJIFANYE MAITI!

Kisa hiki kilianzia kwenye kibanda cha video pale Sogea, Tunduma. Ilikuwa picha ya Wazungu. Jamaa kakutana na dubu porini, badala ya kutimua mbio akalala kifudifudi, akaziba shingo kwa mikono, akatulia tuli. Dubu akamnusa, akamsukuma kidogo, akaenda zake. Kibanda kizima makofi! Mshikaji wangu niliyekaa naye benchi moja akanipiga kiwiko: "Umeona? Mnyama hana shida na maiti!"

Nikanyamaza. Sikujua kwamba siku si nyingi somo hilo lingetaka kumuua.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu dubu. Hao hatunao. Afrika ilikuwa nao kule Kaskazini kwenye milima ya Atlas, wakaisha karne ya 19. Na hata huko Marekani waliko, kujifanya umekufa ni kwa yule wa kahawia aliyekuvamia kwa sababu analinda watoto wake. Yule mweusi akikuvamia, wenyeji wanasema pigana naye kwa chochote ulichoshika. Kwa hiyo hata ile picha ilitupa nusu ya habari.

Sasa sisi tulikwenda Kamsamba, wilayani Momba, kusaka mpunga. Nilimaliza kidato cha nne, ajira ndiyo hivyo tena, nikiwa siandiki nabangaiza na magunia. Ukitoka Tunduma kwenye baridi na misururu ya malori yanayosubiri kuvuka Zambia, ukateremka bondeni, unavua koti, unavua sweta, mwisho unatamani kuvua ngozi. Mto Momba unapita huko kwenda kumwaga maji Ziwa Rukwa, na maji hayo yana wenyewe.

Saa moja jioni tukataka kwenda kuoga mtoni. Mzee tuliyefikia kwake akasema, "Wanangu, ogeni uani, maji yamo ndooni." Tukaona anatubania starehe. Tukanyata na tochi ya simu.

Mtoni hatukufika. Katikati ya kijia kitu kikakoroma kama lori linalogoma kuwaka. Nikamulika: kiboko! Ndiyo kwanza anatoka majini kwenda malishoni. Akapanua domo. Mshikaji wangu, naapa sidanganyi, akalala chini palepale na kuziba shingo!

Usicheke, msomaji. Kumbe mzee alikuwa ametufuata nyuma. Akapiga kelele, "Mtoe njiani! Hiyo ni njia yake!" Tukamkokota jamaa, huyu mguu huu, huyu mguu ule, hadi nyuma ya kichuguu. Mnyama akapita kwa kishindo palepale alipokuwa amelala. Ardhi nilihisi ikitikisika. Mshikaji alipoamka hakuwa na sauti mpaka asubuhi.

Usiku ule mzee hakutugombeza, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alikaa kwenye kigoda akatueleza. Kiboko hali nyama kwa kawaida, yeye ni wa majani, lakini anaua kwa sababu umemzibia njia. Mchana yuko majini, usiku anatoka kulisha, alfajiri anarudi, na njia zake ni zilezile. Ukisimama kati yake na maji umejitafutia balaa, na ukisimama kati ya jike na mtoto wake ndiyo mbaya kabisa. Lile domo analopanua si miayo, ni onyo. Na mwili ule wa kilo 1,500 na zaidi usikudanganye, anafika kilomita 30 kwa saa kwa masafa mafupi. Wewe na ndala zako utamshinda wapi? Toka kwenye njia yake, panda kichuguu au mti, mwache apite. Akiwa mbali bado, rudi ulikotoka taratibu.

Nikamuuliza, "Na mamba, baba?"

Mzee akakaa kimya kwanza. Mamba alimchukua mtoto wa mdogo wake, anachota maji. Mahali palepale alipokuwa anachota kila siku, saa ileile. Ndiyo kazi ya mamba hiyo: anatazama mazoea yako. Hukumwona, lakini yeye alikuona tangu jana na juzi. Ndiyo maana wazee wanabadili mahali pa kuchotea, wanafunga kopo kwenye mti mrefu ili mtu asisogee ukingoni, na jioni hakuna wa kufulia mtoni. Nchi kavu akikukimbiza, kimbia moja kwa moja. Habari za kukimbia kwa kona kona ni za vijiweni tu, zinakupotezea hatua. Akishakukamata, mtie vidole machoni, piga pua, usikate tamaa. Wapo waliopona hivyo.

Familia ilipata kifuta machozi? Nilimuuliza hilo nikijiona mjuzi, kwa kuwa nilisoma kwamba Kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi 1,000,000 kwa aliyeuawa na mnyama hatari, nayo serikali haiiti fidia. Mzee akasema, "Mwili wenyewe hatukuupata, karatasi tungeiandika nini?" Nikaona aibu nikatazama chini.

Nyanda hizi zetu hazikuanza leo. Jirani zetu wa Njombe, miaka ya 1930 na 1940, simba waliwala watu wengi mno, wapo wanaotaja 1,500, mpaka bwana nyama George Rushby alipowawinda. Watu walisema ni simba wa mchawi. Yeye alisema wanyama wa porini walikuwa wameuawa ili kuzuia sotoka, simba wakakosa chakula wakageukia binadamu.

Tulirudi Tunduma na magunia saba. Wiki iliyopita ile picha ya dubu ikarudiwa kibandani. Jamaa alipolala kifudifudi, kibanda kikapiga makofi tena. Mshikaji wangu akasimama kabla haijaisha, akamwambia mwenye kibanda amrudishie nusu ya kiingilio. Akanyimwa. Akaenda kusimama nje peke yake, nikamkuta anatazama malori.