Kamera kama Msimulizi: Kwa Nini Filamu ya Tamthilia si Tamthilia

Mwaka mmoja niliwaonyesha wanafunzi wangu wa kidato cha nne filamu iliyotokana na tamthilia teule. Majuma mawili baadaye nilisahihisha insha ya mmoja wao kuhusu sifa za mhusika mkuu. Alikuwa ameandika kwamba mhusika huyo ana huruma kwa sababu machozi yalimlengalenga alipokuwa peke yake dirishani. Nilipekua kitabu kizima nisione dirisha wala machozi, nikamnyima alama. Alipokuja kulalamika alisema, "Lakini mwalimu, mimi niliyaona." Alisema kweli. Aliyeyaweka machozi hayo mbele ya macho yake si mwandishi wa tamthilia, na kosa la kutomtahadharisha mapema lilikuwa langu.

Makala haya yananuia kueleza usanii wa kupiga picha za sinema kwa kutumia istilahi ambazo mwalimu wa Fasihi tayari anazo. Usanii huu ni uteuzi: kamera iwekwe wapi, iwe mbali au karibu kiasi gani, mwanga utoke upande upi, na picha itulie au isogee. Tunashikilia kwamba kamera ni msimulizi. Tofauti na riwaya, tamthilia kwa kawaida haina msimulizi. Tuna maneno ya wahusika na maelekezo ya jukwaani, basi. Igizo linapogeuzwa filamu hupachikwa msimulizi ambaye mtunzi hakumuumba.

Msimulizi huyu hakuanza akiwa hodari. Ndugu wawili Wafaransa, Auguste na Louis Lumière, walipowaonyesha watu picha zao kwa malipo katika Grand Café mjini Paris tarehe 28 Desemba 1895, kila filamu ilichukua muda usiotimia dakika moja, na kamera ilisimama pale pale ilipotegwa. Georges Méliès, aliyekuwa mfanyamazingaombwe wa jukwaani, aliiweka kamera kama mtu aliyekalia kiti kizuri zaidi ukumbini asiyetaka kuinuka. Katika filamu yake ya 1902 kuhusu safari ya mwezini, uso wa mwezi unazidi kukua mbele yetu. Mtu angedhani kamera inausogelea. Sivyo, mwigizaji aliketishwa kwenye kiti kilichovutwa juu ya reli, akaletwa kwa kamera! Hiyo bado ni tamthilia iliyopigwa picha.

Hatua iliyofuata ni kuikaribia sura ya mhusika, na kukata picha ili tuhame kutoka mahali hadi pengine. Wengi walichangia katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, na si lazima mwanafunzi awakariri. Bora akae na filamu mbili tu.

Ya kwanza ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1924, *Der letzte Mann*, yaani "Mtu wa Mwisho". Mwelekezi alikuwa F. W. Murnau, na mpigapicha Karl Freund. Bawabu mzee wa hoteli kubwa anajivunia sare yake yenye vifungo vya kung'aa. Siku moja ananyang'anywa sare na kupelekwa kuhudumu msalani. Filamu haina sauti, na kadi za maandishi karibu hazimo, kwa hivyo mzigo wote wa usimulizi unaiangukia kamera. Mwanzoni inateremka ndani ya lifti na kuvuka ukumbi wa hoteli hadi mlangoni. Mzee anapolewa, Freund aliifunga kamera kifuani mwake akapepesuka nayo, chumba kikayumba kama kinavyomyumbia mlevi. Hapo msimulizi amehama kutoka nafsi ya tatu akaingia nafsi ya kwanza bila kutamka neno. Hatumwoni mlevi, sisi ndio tuliolewa.

Ya pili ni *Citizen Kane* ya Marekani, 1941, iliyoelekezwa na Orson Welles na kupigwa picha na Gregg Toland. Mvulana anacheza kwenye theluji nje ya nyumba. Kamera inarudi nyuma kupitia dirishani, inaingia chumbani na kutua mezani, ambapo mama yake anatia saini hati za kumkabidhi kwa mlezi tajiri. Mama na tajiri wako mbele yetu, baba anayepinga yuko katikati, na mbali kabisa, ndani ya fremu ya dirisha, mtoto bado anacheza. Wote wanaonekana waziwazi kwa wakati mmoja. Toland aliweza hivyo kwa kutumia lenzi pana, mwanga mkali na tundu dogo la kupitishia mwanga huo. Linganisha na kinaya cha kidrama darasani: sisi tunajua maisha ya mtoto yanauzwa, naye hajui. Mwandishi wa riwaya angehitaji aya mbili. Welles alimtambua Toland kwa kuliweka jina la mpigapicha pamoja na lake katika kadi moja, jambo lililokuwa adimu.

Huku kwetu usanii huu ulikuja ukiwa umepunguzwa makali kwa makusudi. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda kitengo cha filamu za makoloni, na kiongozi wake, William Sellers, aliamini kwamba Mwafrika asiyesoma hawezi kufuata mbinu za kamera. Filamu zilizokusudiwa watu hao zilipaswa kwenda polepole, kamera itulie, na mruko wa mahali au wakati uepukwe. Ni ajabu kwamba hadhira iliyodhaniwa haiwezi kuruka wakati ndiyo iliyokuwa ikisimuliwa ngano jioni, ambapo fanani huzaa mtoto, akamlea na kumwoza kwa pumzi moja, tena hubadilisha sauti akawa fisi na sungura. Wasikilizaji hao walijua msimulizi ni nini kabla ya lori la sinema kufika.

Turejee darasani. Tuchukue mwanzo wa *Kigogo* ya Pauline Kea, ambapo Sudi, Boza na Kombe wanachonga vinyago. Jukwaani tunawaona watatu kwa pamoja, na mtazamaji humtazama amtakaye. Kamera haimpi hiari hiyo. Ikikaribia mkono wa Sudi na kinyago chake, imeshatuambia kazi ipi ina uzito. Ikiuvizia uso wa Boza, imetupandia shaka kumhusu. Akija Majoka na kamera ikamtazama kutoka chini, anakuwa mlima. Ikimtazama kutoka juu, anakuwa mtu mfupi mwenye kelele. Maneno ya wahusika hayajabadilika hata nukta, ila tathmini imebadilika.

Kwa hivyo sipigi marufuku filamu. Huwapa wanafunzi kipande cha kadibodi kilichotobolewa tundu la mstatili, wakaigiza onyesho huku wenzao "wakilipiga picha" kupitia tundu hilo. Kila anayeteua picha sharti ataje mstari wa mazungumzo au elekezo la jukwaani linalomruhusu. Asipoupata, tunaandika ubaoni: "nyongeza ya kamera". Nyongeza si dhambi, lakini haiingii katika karatasi ya Fasihi.

Mara ya mwisho tulipofanya zoezi hili, wavulana wawili walibishana kama Boza aonekane wakati Sudi anazungumza au asikike tu. Kengele ya chakula ilipolia bado walikuwa wamesimama kando ya ubao, kila mmoja ameshika kitabu chake wazi na kidole kwenye mstari.