Hakuna Programu ya Kuwasha HDMI

Wiki hii tena. Mwalimu wa sekondari kutoka Kibosho kaingia ofisini kwangu hapa Moshi mjini, kaweka mezani kishikwambi, habu mpya ya matundu saba na waya wa HDMI. "Fundi, niwekee ile programu ya kuwasha HDMI." Si wa kwanza. Tangu vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 vigawiwe kwa walimu, ombi hili nalisikia kila shule zinapofunguliwa. Desemba, watu wanaporudi migombani kula Krismasi, nalisikia kutoka kwa wanakwaya na kamati za harusi.

Programu hiyo haipo. Nimechoka kulisema kwa mtu mmoja mmoja, nalisema kwa wote.

Imani yenyewe najua inakotoka. Niliichomeka habu ya mwalimu mbele yake. Taa ikawaka, kipanya kikatembea kwenye kioo, flashi ikafunguka na mitihani ya mwaka jana yote ikaonekana. Projekta ikabaki na rangi ya bluu tupu. Mtu akiona vitu viwili vimekubali na cha tatu kimegoma, huamini kuna swichi imezimwa mahali. Akiuliza mtaani, anaambiwa swichi hiyo inapatikana Play Store.

Sasa tazama tundu lenyewe. Ni la Taipu-C, lenye pini 24. Kipanya, kibodi na flashi hutosheka na nyaya mbili za data za USB 2.0, mfumo wa mwaka 2000. Picha ya HDMI haipiti hapo. Inataka njia zake, zile jozi nne za pini za kasi, na ni lazima kiwanda kiwe kimeziunganisha na sehemu ya prosesa inayotengeneza picha. Utaratibu huo unaitwa DisplayPort Alt Mode na ulitangazwa mwaka 2014. Kifaa chenye uwezo huo kikiona habu huiuliza kama inapokea picha, vinakubaliana, picha inapita. Kisicho nao hakiulizi kabisa.

Kwenye vishikwambi vingi vya bei ya chini kiwanda hakikuziunganisha jozi hizo. Galaxy Tab A7, A8 na A9 za Samsung ziko hivyo. Tab S nyingi, kuanzia S4, zinatoa picha. Ukiyaweka pamoja matundu ya aina hizo mbili, kwa macho huoni tofauti. Na programu, hata iandikwe na nani, haitandazi waya pale ambapo kiwanda hakikuuweka.

Hizo zinazojiita programu za HDMI nimezifungua nyingi. Zinakumwagia matangazo, halafu zinakupeleka kwenye ukurasa wa kurusha skrini bila waya, ambao tayari umo kwenye mipangilio ya kishikwambi chako. Nyingine zinaomba ruhusa ya kusoma namba za watu na mafaili yako. Mwalimu, humo una alama za wanafunzi na namba za wazazi wao! Wapo pia wanaokushauri "washa OTG". Kwenye simu za Oppo swichi hiyo ipo kweli, lakini ni ya flashi na kipanya, picha haihusiki. Wanaoniuma zaidi ni wale waliokwisha kununua habu ya pili, ya bei kubwa kuliko ya kwanza, wakidhani ya kwanza ilikuwa feki. Habu haikuwa na kosa.

Programu ninayoijua inayosaidia ni DisplayLink Presenter, na inasaidia kwa sababu adapta yake ina chipu ya DisplayLink, inayopokea picha iliyobanwa kupitia nyaya zilezile za data. Habu za kawaida hazina chipu hiyo.

Ufanye nini, basi? Soma sifa za modeli yako kwenye tovuti ya kiwanda, utafute neno DisplayPort. Halipo? Rusha picha bila waya. Runinga na kishikwambi vyote vikiwa na Miracast, mfumo wa kurusha picha bila waya, hata bando huhitaji. Kama projekta ina tundu la USB linalosoma flashi, geuza somo liwe picha za JPEG, weka kwenye flashi, chomeka moja kwa moja. iPad ya kizazi cha 10, ya mwaka 2022, inatoa picha kwa Taipu-C. Zenye Lightning zinataka adapta yake. Diski ya nje ikizimika-zimika, umeme wa kishikwambi hauitoshi: chomeka chaja kwenye tundu la PD la habu, lile la kupokea umeme. Diski ya NTFS vishikwambi vingi vya Android havisomi, tumia exFAT.

Waongoza watalii mnaoshuka Mweka na kadi za kamera za wageni, habu inawafaa sana. Ila msihamishe picha chaja ikiwa kwenye habu siku ambayo umeme unakatika-katika. Ukikatika, habu nyingi huzima kidogo na kuwaka upya, na faili lililokuwa njiani linaharibika. Jaza betri kwanza, chomoa chaja, ndipo uhamishe.

Mwalimu wa Kibosho aliondoka na somo lake kwenye flashi. Wewe unayetaka kununua, nenda dukani na kishikwambi chenyewe, mwambie muuzaji aichomeke habu kwenye runinga yake, na usitoe hela kabla picha haijatokea.