Jiwe la Naivasha Lilifikaje Eyasi?

Wako watu wadhanio kwamba wahenga waliokula kwa kuwinda na kuchuma matunda waliishi kila kundi na pori lake, bila ya kujuana na jirani. Dhana hiyo haina budi kukanushwa, na ushahidi wake hauko mbali.

Mtu akitoka Mbalibali, wilayani Serengeti, akashika njia ya kusini-mashariki akazivuka mbuga, hufika kwenye pango la mwamba liitwalo Nasera. Akizidi kwenda kusini, karibu na ziwa Eyasi, hukuta jingine, Mumba. Humo wataalamu walifukua vipande vingi vya mawe vilivyochongwa kwa kukatia na kukwangulia. Sehemu kubwa ni mawe ya papo hapo. Lakini vimo vichache vya obsidiani, jiwe jeusi ling'aalo kama chupa, lizaliwalo na volkano uji wa moto upoapo upesi.

Jiwe hili, kila lizaliwapo, huwa na mchanganyiko wake wa madini usiofanana na wa pengine. Ni kama chapa ya ng'ombe: hata akipotelea mbali, zizi lake hujulikana. Harry Merrick na Francis Brown walizipima chapa hizo, wakatangaza matokeo mwaka 1984. Baadhi ya vipande vilitoka upande wa Naivasha, nchini Kenya, mwendo wa zaidi ya kilometa 200 hadi Nasera na zaidi ya 300 hadi Mumba. Tabaka za chini za Mumba zina umri upitao miaka 100,000.

Je, alikwenda mtu mmoja akarudi? Yawezekana, miguu ilikuwapo. Lakini mwenye mawe makali mlangoni pake hafungi safari ya namna hiyo kwa ajili ya kisu. Lenye kuelekea zaidi ni kwamba jiwe lilipita mkono kwa mkono, jirani akampa jirani, mkwe akampa mkwe. Wawindaji wa Kalahari katika karne ya 20 walipeana shanga na mishale bila ya kudaiana bei. Mwaka wa ukame ulipofika, mtu alikwenda kwenye maji ya rafiki yake akapokewa. Zawadi ndiyo iliyokuwa akiba. Hatusemi kwamba watu wa Mumba walishika desturi ileile, ila njaa waliijua.

Wachimbao barabara na misingi wakumbuke kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ingali inalinda mabaki haya. Jiwe likitiwa mfukoni, chapa yake hubaki, lakini haijulikani tena lilimfikia nani.