Harufu ya esanse karibu na jiko

Motokari yetu ni Volkswagen ya zamani, ile yenye mgongo wa mviringo kama kobe, nasi tuliirithi kwa marehemu baba yetu. Motokari ya mwisho ya aina hiyo ilitengenezwa Puebla, katika nchi ya Meksiko, mwezi wa Julai 2003. Basi hata iliyo changa kati yao sasa ni mzee. Nasi tulio nazo huziweka uani, hatua chache tu kutoka jikoni. Ndiyo sababu twapenda kuwasimulia wasomaji wetu mambo yaliyotupata Jumamosi moja.

Asubuhi binti yetu aliingia mbio akasema: « Baba, kule nje kunanuka esanse. » Kumbe, mama yake alikuwa amekwisha kuwasha mbabula kwa kupika bukari, hatua nane hivi toka motokari! Hatukungoja neno la pili. Mbabula ilipelekwa upande wa pili wa nyumba, watoto wakafukuzwa uani, wala hatukuthubutu kugusa ufunguo wa motokari, maana cheche moja yatosha.

Inafaa kuijua tabia ya esanse. Mafuta ya taa, kwa joto la kawaida, hayashiki moto upesi. Lakini esanse hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata katika baridi ya digrii 40 chini ya sifuri. Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi kama moshi, bali hutambaa chini, ukapita hata chini ya mlango, mpaka ukutane na moto wa mtu asiyeona kitu.

Hapo tulifungua waya za batri, ambayo katika Volkswagen hii iko chini ya kiti cha nyuma, tukalala chini kutazama. Tangi liko mbele, injini iko nyuma. Esanse husafiri katika mrija mwembamba wa chuma uliofichwa ndani ya uti wa motokari, na kwenye ncha zake mbili umeungwa kwa vipande vya mpira. Karibu na injini tuliona tone likifuata tone. Mpira ulikuwa umepasuka kama kisigino wakati wa kiangazi. Fundi mmoja alikuwa ametuwekea mpira wa maji, nasi tulimshukuru sana kwa bei yake ndogo! Mpira wa maji hauvumilii esanse: huharibika, kisha hupasuka.

Kwa kuwa tangi liko juu kuliko mrija, ukichomoa mpira esanse humwagika yenyewe. Basi kwanza tulibana mpira wa mbele kwa koleo lililofungwa kitambaa, tukatega bakuli la bati. Jirani mmoja mwema alitaka kuinyonya esanse kwa kinywa, tulimkataza kabisa. Esanse kidogo tu ikiteleza mapafuni yaweza kumwua mtu.

Kando yetu tuliweka ndoo mbili za mchanga mkavu, si maji. Esanse huelea juu ya maji na kuendelea kuwaka. Tena kisanduku cha injini hii kimefanywa kwa madini ya magnesiamu, ambayo yakishika moto maji huzidi kuyachochea. Na moto ukiwa mkubwa, heri kuiacha motokari iteketee.

Tulinunua mpira wa esanse hasa, wenye tundu dogo kidogo kuliko unene wa mrija ili uingie kwa nguvu. Tuliukaza kwa pete za chuma zenye skrubu. Wengine hufunga waya, lakini waya hukata mpira. Tena hatukubadilisha kipande kimoja tu, kwa kuwa vyote vilizeeka pamoja. Mrija wenyewe ulikuwa mzima. Kama ungalikuwa umetobolewa na kutu, tungalitia mwingine wa chuma. Kamwe tusingaliupeleka kuchomelewa huku una esanse ndani.

Kuna pia dawa ya safarini: tundu dogo la tangi laweza kuzibwa kwa sabuni ya kufulia iliyokandwa, kwa sababu sabuni haiyeyuki katika esanse. Marehemu baba yetu alifika nyumbani mara mbili kwa sabuni. Lakini ni ya kufikia nyumbani tu, wala si ya kukaa nayo mwaka mzima.

Tulipoondoa koleo, tulingoja nusu saa mpaka harufu ikapotea, tukapangusa kila kiungo kwa karatasi kavu. Karatasi ilibaki kavu. Ndipo tukafunga batri na kuwasha injini, kisha tukachungulia tena, maana pompi ikisukuma, penye ulegevu hujionyesha. Hapakuvuja.

Siku hiyo tulikula saa kumi. Mama watoto hajairudisha mbabula mahali pake pa zamani hata leo, nasi hatukumwomba.