Jongoo wa Ruangwa na Jongoo wa Songo Songo

Mkazi wa Ruangwa au Nachingwea alisikiapo neno jongoo humkumbuka yule mdudu wa masika mwenye miguu tele, ajikunjaye aguswapo. Ndugu yetu wa Songo Songo au Mafia humkumbuka mnyama mwingine kabisa, mlaini, alalaye mchangani, ambaye hukaushwa na kuuzwa Mashariki ya Mbali kwa bei kubwa. Jina ni moja, lakini udugu haupo. Jongoo wa nchi kavu ana ukoo na kaa na kamba. Jongoo bahari ana ukoo na kiti cha pweza, ambacho nacho hakimhusu pweza hata kidogo.

Wazee waliita kiumbe kwa umbo lake, nasi hatuwalaumu. Wataalamu wa Ulaya nao walihadaika kwa macho. Yuko mnyama mdogo kama kifuko, agandaye kwenye miamba, nguzo za gati na matumbo ya majahazi, ambaye akibonyezwa hurusha maji. Linnaeus, katika karne ya 18, alimtia katika fungu kubwa la minyoo. Ndipo mwaka 1866 Mrusi Kowalevsky alipochunguza mtoto wa mnyama huyo, akamwona anaogelea kama kiluwiluwi, na mkiani ana ufito mfano wa mwanzo wa uti wa mgongo. Kifuko kile kina ukoo wa karibu na samaki, na sisi wenyewe, kuliko alio nao na konokono!

Msomaji wa ofisini asidhani hayo ni mambo ya maktaba tu. Katika miaka ya 2000 Tanzania Bara ilipiga marufuku uvunaji wa jongoo bahari, ilhali Zanzibar uvunaji uliendelea. Kisha mwaka 2019 nchi wanachama wa mkataba wa CITES, usimamiao biashara ya viumbe vilivyo hatarini, ziliamua kudhibiti jongoo wa aina tatu, na amri ikaanza kutumika mwaka 2020. Wawili kati yao, Holothuria fuscogilva na Holothuria nobilis, wanaishi katika maji yetu.

Basi afisa asimamaye bandarini mbele ya gunia afanyeje? Jongoo akichemshwa na kukaushwa husinyaa, rangi hupotea, na wa aina hii hufanana na wa aina ile. Mtaalamu hukata kipande cha ngozi, akatazama kwa hadubini vijiwe vidogo vya chokaa vilivyomo, maana kila aina ina vijiwe vya umbo lake. Hadubini haipatikani kila diko.

Mvuvi, hata hivyo, humtambua jongoo angali mbichi. Jongoo mchanga, kwa mfano, hamchanganyi na mwingine, kwa kuwa bei yake ni mbali. Daftari linaloandika "jongoo bahari, kilo kadhaa" limeutupa ujuzi huo. Tunaziomba idara zinazohusika ziwaulize wavuvi majina yao, kisiwa kwa kisiwa, ziyaandike kando ya majina ya kitaalamu, na daftari la diko liwe na mstari wa kila aina kabla jongoo hajatiwa chunguni.