Franco alipokufa, OK Jazz ilibaki ya nani?

Jumapili jioni, Butembo ama Beni, bar ikifungua rumba ya zamani wazee wanaanza kubishana: hii ni OK Jazz yenyewe ao ni Bana OK? Vijana wanacheka. Lakini swali ni la kweli, na watu wa kariere wanalielewa vizuri sana: mwenye kazi akifa, kazi inabaki ya nani?

Tuanze na jina. Wengi wanafikiri OK Jazz ilikuwa kitu cha Franco toka mwanzo. Hapana. Orkesta ilizaliwa mwezi wa sita 1956 kule Kinshasa, wakati ule ikiitwa Léopoldville. Jina lake lilitoka kwa bar ambamo walikuwa wanapiga, OK Bar, na mwenye bar aliitwa Oscar Kashama: O na K. Franco Luambo alikuwa kijana wa gitare, hajafikisha hata miaka 18. Aliyeongoza mwanzoni ni Jean Serge Essous, mtu wa Brazzaville. Essous hakukawia kuondoka, na 1959 akawa kati ya waanzilishi wa Bantous de la Capitale. Kumbe OK Jazz ilijifunza mapema kuishi bila kiongozi wake wa kwanza. Franco njo alibaki, miaka ikapita, mpaka mtu na jina vikawa kitu kimoja.

Tarehe 12 mwezi wa kumi 1989 Franco akafariki Ubelgiji. Mobutu akatangaza siku nne za kilio kwa inchi nzima. Matanga yakaisha, wanamuziki wakabaki wanatazamana.

Aliyeshika usukani ni Simaro Lutumba. Yeye aliingia 1961, akapiga gitare pembeni ya Franco miaka karibu 28, na watu walimwita mshairi. Nyimbo nyingi ambazo tunasema ni "za Franco" zilitoka kwa kalamu yake. Chukua Mabele, ya 1974: Simaro aliitunga, Sam Mangwana akaiimba. Kwa Lingala mabele ni udongo, na mtu anayeshinda chini ya ardhi hahitaji kufasiriwa zaidi.

Orkesta ikaendelea kwa jina lilelile karibu miaka ine. Halafu franga zikaleta maneno kati ya wanamuziki na familia ya marehemu. Mwisho wa 1993 ikavunjika. Mwezi wa kwanza 1994 Simaro na wenzake, kama Josky Kiambukuta na Ndombe Opetum, wakaanza upya na jina Bana OK, maana yake watoto wa OK.

Hapa wengi wanalaumu familia. Sisi tunasita. Watoto wa marehemu wana haki juu ya jasho la baba yao, hilo haliwezi kukataliwa. Lakini jasho la Simaro je? Na la Josky? Mtu ametunga, amezunguka Afrika na Ulaya na orkesta, halafu kiongozi anapofariki anajikuta mgeni ndani ya nyumba aliyoisaidia kujenga.

Ninyi mulio Manguredjipa na kwingine munajua hii habari. PDG wa shimo anafariki; ndugu zake wanapanda kutoka mjini, wanauliza shimo liko wapi, mashine iko wapi. Wachimbaji waliotoa maji miezi mingi wakingojea mchanga wa dhahabu hawana hata karatasi moja. Kila mtu alijua mapatano, lakini aliyeyashika kichwani amezikwa nayo. Na wake wa wachimbaji njo wanakuja kuulizwa deni la dukani.

Tofauti ni kwamba wanamuziki walitoka na kitu ambacho hakuna mtu angeweza kuwanyang'anya: mikono na sauti. Shimo halibebeki.

Je, Bana OK ilikuwa nzuri? Kwa masikio yetu, ndiyo, na sababu ni moja. Hawakutafuta Franco mwingine. Franco alikuwa anakemea, anacheka watu, anaongea katikati ya wimbo kama mtu aliye mezani kwako. Angalia vile alivyofanya na Madilu System ndani ya Mario, 1985. Simaro hakuwa hivyo. Yeye alizungumza kwa mafumbo, polepole, na orkesta ikafuata tabia yake. Mwenye alienda kumtafuta Franco pale alirudi na njaa.

Wenge Musica ilivunjika mwaka wa 1997 na viongozi wake wote wakiwa wazima, kila upande ukajiita Wenge. Ilichukua mpaka tarehe 30 mwezi wa sita 2022 JB Mpiana na Werrason wasimame tena pamoja kwa Stade des Martyrs. Wao walikuwa na bahati ya kupatana wangali hai.

Simaro alifariki Paris tarehe 30 mwezi wa tatu 2019, akiwa na miaka 81. Josky akamfuata 2021. Ndombe alikuwa ameshatangulia, 2012. Sasa redio inapopiga zile sahani, mtangazaji anasema tu "OK Jazz", bila kuongeza neno, na kwenye meza za Butembo ubishi unaanza tena.