Mawazo yanapotoroka katikati ya Baba Yetu

Umeamka alfajiri, watoto bado wamelala, umepiga magoti na kuanza Baba Yetu. Kabla hujafika kwenye mkate wa kila siku, mawazo yako nje: kahawa iliyoanikwa jana na wingu lililotanda, mchango wa msiba wa jirani, mbuzi aliyekata kamba. Simu inatetemeka mezani. Mwisho unasema amina, na hukumbuki uliomba nini.

Hili liko Kamachumu na liko kila mahali. Linalotusumbua sisi ni kwamba wapo wanaofikia kuacha kuomba kwa sababu yake. Husema, kama moyo haupo, ya nini kumfanyia Mungu maigizo? Inasikika kama unyofu, lakini tunadhani wanakosea, na makanisa yao wenyewe hayafundishi hivyo.

Tuanze na Walutheri. Mwaka 1535 Martin Luther alimwandikia kinyozi wake wa Wittenberg, Peter Beskendorf, kijitabu juu ya namna ya kuomba, baada ya kinyozi huyo kutaka ushauri. Luther hakujifanya shujaa. Alikiri kwamba kazi na mawazo mengine yakimzidi, naye hupoa na kukosa hamu ya kuomba. Hapo huchukua Zaburi, huingia chumbani au kwenda kanisani, na kutamka kwa mdomo, neno kwa neno kama wafanyavyo watoto, Amri Kumi, Kanuni ya Imani na maneno mengine ya Maandiko. Maneno ya kukariri, ambayo baadhi yetu tunayadharau siku hizi, kwake yalikuwa kuni za kuwashia moto uliozimika.

Alimwonya pia juu ya ile sauti inayosema ngoja kidogo, nimalize hili kwanza, nitaomba baadaye. Hili likiisha linakuja jingine, na siku inapita. Kisha akampa mfano wa kazi yake: kinyozi mzuri huweka macho na akili kwenye wembe na nywele. Akipiga soga huku akiangalia pengine, anaweza kumkata mtu pua. Kwa hiyo kutulia ni kitu ambacho kinyozi alikuwa tayari anakijua kwa mikono yake. Hata mama anayemenya ndizi kwa kisu kikali anakijua.

Kwa Wakatoliki, Katekisimu ya mwaka 1992, namba 2729, inataja kutangatanga kwa mawazo kuwa ugumu wa kawaida wa sala, na inasema kuyakimbiza mawazo hayo ni kuingia katika mtego wao. Ukianza kugombana na wazo la mbuzi, tayari unamfikiria mbuzi. Kinachotakiwa ni kurudi. Teresa wa Avila, mtawa wa Hispania wa karne ya 16 ambaye Kanisa lilimtangaza kuwa mwalimu wake mwaka 1970, aliandika kwamba kwa miaka kadhaa alikuwa akisikilizia zaidi saa igonge, muda wa sala uishe.

Wazo linalorudi mara ya tatu huenda ndilo la kuombea. Kama ni kahawa na mvua, mwambie Mungu habari ya kahawa na mvua, kisha rudi pale ulipoishia. Zaburi zenyewe zimejaa maadui, magonjwa na hofu ya kesho.

Na mahali je? Yesu, katika Mathayo 6:6, anasema uingie chumba cha ndani na kufunga mlango. Nyumba ya vyumba viwili yenye watu wanane haina chumba hicho. Neno la Kigiriki lililotumika pale huweza kumaanisha stoo, mahali pa kuwekea vyakula, yaani kona isiyo ya fahari yoyote. Yeye mwenyewe, kwa mujibu wa Marko 1:35, alitoka nje kabla hakujapambazuka. Migomba nyuma ya nyumba inafaa, na hata njia ya kwenda kuchota maji.

Simu ni jambo jingine, maana wengi sasa wanasomea Biblia humo humo. Bonyeza alama ya ndege ili mtandao ukatike. Biblia uliyokwisha kuipakua itafunguka vilevile. Redio nayo izime, tutakutana baadaye.

Anayemuuguza mgonjwa pale hospitali ya Ndolage hawezi kupanga nusu saa ya utulivu. Huitwa wakati wowote, wodi ina kelele, usiku hajalala. Kwake sentensi moja inatosha, akiwa amesimama na beseni mkononi, na saa moja baadaye aiseme tena.